Kadi za 5% zinazobadilika kila robo mwaka: kuna pesa ya kweli au tunazungushwa?

#1 Mtu wa Dallas
Wakuu, salaam. Naingia kwenye mada moja kwa moja.

Tulioko Marekani wengi tuna kadi ya mkopo ya aina hii: keshibeki (pesa unayorudishiwa kwa ulichonunua) 5%, ila fungu, yaani aina ya manunuzi yanayohusika, linabadilika kila miezi mitatu. Discover it na Chase Freedom Flex ndizo maarufu. Robo hii mafuta, robo ijayo supamaketi, mwisho wa mwaka Amazon. Kila robo unatakiwa uingie kwenye programu uiwashe mwenyewe, usipowasha unapata 1% yako na kwaheri.

Nimekaa na kikokotoo. Ukomo ni dola 1,500 za manunuzi kwa robo, kwa hiyo 5% yake ni dola 75. Ukijaza robo zote nne unapata dola 300 kwa mwaka. Sasa, zipo kadi zinazotoa 2% kwa kila kitu bila kuwasha chochote, mfano Citi Double Cash na Wells Fargo Active Cash. Dola 6,000 zilezile ukizipitisha huko unapata 120. Tofauti ni dola 180 kwa mwaka, sawa na 15 kwa mwezi. Ndiyo watu mnasimama kaunta mnapekua pochi, foleni nyuma inawasubiri?

Na hiyo 180 ni ya anayejaza ukomo. Nani humu anachoma mafuta ya dola 1,500 kwa miezi mitatu?

Msimamo wangu: hizi kadi zimetengenezwa ili tununue zaidi. Anayebisha alete hesabu, hisia abaki nazo.

#2 Tumbo Joto (Dar)
Navuta kiti. Huku kwetu asilimia tunakutana nayo kwenye makato tu.

#3 Mzee wa Kalenda
Mtoa mada, hesabu yako haina kosa ila umeikata mapema.

Kwanza, Discover it mwaka wa kwanza wanakulinganishia: keshibeki yote uliyokusanya miezi 12 wanaizidisha mara mbili. Ile 300 inakuwa 600, hapo bado hujagusa 1% ya manunuzi mengine, nayo inakuwa 2%. Pili, hakuna sheria inayosema uwe na kadi moja. Mwenye Discover na Freedom Flex ana ukomo wa 3,000 kwa robo. Mke au mume naye akiwa na zake, piga mara mbili tena. Tatu, zote hazina ada ya mwaka.

Kuhusu kuchelewesha foleni: mimi huamua nyumbani. Siku ya kwanza ya robo nawasha, kadi inayohusika inakaa mbele, nyingine zinalala droo. Dakika tano mara nne kwa mwaka. Kwa dola mia kadhaa mimi sioni usumbufu.

#4 dereva_usiku
Umeuliza nani anachoma mafuta ya 1,500? Nipo hapa Seattle, naendesha abiria usiku. Kwa wiki naweka mia na kitu bila jasho. Mwaka 2024 Discover waliweka mafuta robo ya pili, Chase wakaweka mafuta robo ya tatu. Yaani kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Septemba nilikuwa kwenye 5% mfululizo, nikabadilisha kadi tu Julai mosi.

#5 Mtu wa Dallas
@dereva_usiku wewe ni wa kipekee. Mimi natoka nyumbani hadi kazini maili nane. Kwa mwezi sifiki 150. Robo nzima tuseme 450. Kwa 5% ni dola 22 na nusu, kwa 2% ni 9. Nimeshinda dola 13 na senti 50. Chakula cha mchana kimoja, tena bila soda.

#6 Bi Kidawa
Mnabishana kama wazee wa bao. Mimi nina watoto wanne na mama mkwe, robo ya supamaketi naimaliza kabla ya mwezi wa pili kuisha. Tatizo si kujaza, tatizo ni mume. Ukimwambia "baba, robo hii chakula ni ile ya rangi ya chungwa", anaitikia vizuri kabisa, halafu anaenda kulipa kwa kadi ya benki ya kawaida isiyotoa hata senti.

Dawa niliyoipata: plasta nyeupe ya hospitali, kipande cha ukubwa wa ukucha, naandika kwa kalamu ya wino mzito. CHAKULA. MAFUTA. USIGUSE. Naibandika upande wa mbele mbali na chipu. Ikifika Aprili nabandua, naweka nyingine.

#7 Buda wa Ruaka
😂😂 USIGUSE imeniua. Hiyo ndiyo yangu kwa hii nyumba, sijawahi ambiwa ni ya nini.

#8 Sauti ya Ukweli
Wenzangu mnacheka wakati mnaibiwa. Mnajua kwa nini wanataka uwashe? Ili usahau. Ukisahau siku ya kwanza umekosa robo nzima. Wangekuwa na nia njema wangeiacha iwake yenyewe.

#9 Mzee wa Kalenda
@Sauti ya Ukweli nakubali sababu, nakataa maelezo. Haziko sawa hizi kadi mbili.

Chase: ukiwasha kabla ya tarehe yao ya mwisho, ambayo huwa tarehe 14 ya mwezi wa mwisho wa robo (14 Machi, 14 Juni, 14 Septemba, 14 Desemba), wanakurudishia 5% ya manunuzi yote tangu robo ianze. Hukukosa kitu.

Discover: unahesabiwa kuanzia siku uliyowasha. Ukiwasha 20 Februari, ya Januari yamekwenda na maji.

Kwa hiyo kama una zote mbili na unasahausahau, Discover iwashe kwanza. Wote wawili hufungua kuwasha kabla robo haijaanza.

#10 Nyota ya Kisauni
Assalam aleikum jamaa. Mimi nataka kueleweshwa jambo moja, maana limenikaa kooni.

Robo ya tatu 2024 Discover walikuwa na supamaketi pamoja na Walmart. Nikaingia duka la Waafrika hapa Houston, nikanunua mbuzi, unga, tui, ndizi, vitu vya harusi ya ndugu yangu. Pesa nyingi tu. Keshibeki kuja kuangalia, 1%. Nikawapigia simu, dada akanambia kwa adabu kabisa kuwa pale si supamaketi. Mbuzi mzima nimenunua, si supamaketi? Sasa ni nini, gereji?

#11 Buda wa Ruaka
Pole bosi. Si wewe, ni msimbo. Kila biashara inayopokea kadi ina namba ya tarakimu nne inayosema ni biashara ya aina gani. Supamaketi 5411. Kituo cha mafuta 5541, na pampu ya kujilipia 5542. Mkahawa 5812, chakula cha haraka 5814. Duka la dawa 5912. Benki haioni mbuzi, inaona namba pekee. Duka lako pengine limeandikwa 5499, vyakula mchanganyiko, au namba ya bucha.

Ndiyo maana pia Walmart na Target kwa kawaida hazihesabiwi kama supamaketi hata ukinunua sukuma tupu. Hiyo robo Discover waliiandika Walmart kwa jina ndiyo ikaingia.

#12 Muuza Duka (Columbus)
Niko upande wa pili wa kaunta, niwape siri.

Nilipofungua, yule wakala wa mashine za kadi alikaa na mimi juu ya ndoo ya mafuta ya kupikia, maana viti vilikuwa havijaja, akaniuliza maswali kutoka kwenye fomu. Unauza nini? Nikamwambia: unga, dagaa, nyama ya mbuzi, vitenge, mafuta ya nywele, na kona ya kutuma pesa nyumbani. Akakuna kichwa, akachagua namba. Ndiyo hiyo mpaka leo. Hakuna mtu wa benki aliyewahi kuja kuangalia rafu zangu.

Kwa hiyo maduka mawili yanayotazamana, yenye unga uleule, moja ni 5411 na jingine ni 5499, kwa sababu tu mawakala walikuwa wawili tofauti. Mteja hawezi kujua kwa kuangalia mlango.

#13 Nyota ya Kisauni
Subhanallah. Kumbe mbuzi wangu amekosa 5% kwa ajili ya kitenge.

#14 Mama Wawili
Bora Costco, lile duka kubwa la jumla. Unaingia na kadi yoyote, unajaza toroli, robo imeisha siku moja.

#15 Buda wa Ruaka
@Mama Wawili hapana dada, si kadi yoyote. Costco ndani ya duka wanapokea Visa pekee kwa kadi za mkopo, tangu Juni 2016. Kabla ya hapo ilikuwa American Express. Freedom Flex ni Mastercard, Discover ni Discover, zote zinagonga mwamba pale kaunta. Ila kwenye tovuti yao Mastercard na Discover zinapita, na watu hununua kadi ya duka ya Costco mtandaoni halafu wanaingia nayo dukani.

Wazee wenye ile Chase Freedom ya zamani, ambayo ni Visa na haitolewi tena kwa wapya, ndio wanaoingia wakitembea kifua mbele.

#16 Mama Wawili
Asante kwa kunirekebisha. Mimi ninayo hiyo ya zamani, ndiyo maana sikujua kuna shida.

#17 Mtu wa Dallas
Mnaona sasa? Tarehe 14, msimbo 5411, Visa si Mastercard, duka hili si lile. Kwa dola 15 kwa mwezi! Hii ni kazi ya ofisini.

#18 dereva_usiku
Kazi ya ofisini inayofanyika ukiwa umelala kwenye kochi.

#19 Dada wa Lowell
Jamani, naomba kuuliza. Mimi natuma pesa nyumbani kila mwezi, dola 300 hadi 400, zinaingia M-Pesa ya mama. Nikitumia kadi ya mkopo kwenye programu ya kutuma, napata angalau 1%?

#20 Mzee wa Kalenda
Dada, simama hapo hapo. Usitume kwa kadi ya mkopo kabla hujasoma masharti ya kadi yako.

Benki nyingi zinahesabu kutuma pesa kama mkopo wa taslimu, sawa na kuchomeka kadi ya mkopo kwenye ATM. Msimbo wake ni 4829. Ada ya kawaida ni dola 10 au 5%, ipi iliyo kubwa. Kwenye 300 ni dola 15. Riba inaanza siku ileile, zile siku za neema (za kulipa bila riba) huzipati, na keshibeki ni sifuri. Juu yake kampuni ya kutuma nayo huwa inatoza zaidi ukilipa kwa kadi ya mkopo kuliko ukilipa kutoka akaunti. Tuma kutoka akaunti ya benki.

#21 Dada wa Lowell
Asante sana kaka. Umeniokoa.

#22 Bi Kidawa
Hilo andikeni kwa wino mwekundu. Shemeji yangu alifanya hivyo kwa ajili ya msiba, bili ilipokuja akadhani wamekosea.

#23 Sauti ya Ukweli
Nimerudi. Hakuna aliyejibu swali la msingi: hiyo 5% inatoka wapi? Benki si shirika la hisani. Jibu ni riba. Kadi nyingi riba ni zaidi ya 20% kwa mwaka. Chukua 24%: ukibaki na deni la 1,500, mwezi mmoja ni dola 30. Ile 75 yenu ya robo imekwisha ndani ya miezi miwili na nusu. Wanaobeba madeni ndio wanaowalipa ninyi mnaojisifu humu.

#24 Muuza Duka (Columbus)
Riba ni sehemu tu. Nyingine inatoka mfukoni mwangu. Ukinunua kwangu kitu cha dola 100 kwa kadi ya mkopo, mimi naingiza kama 97. Ile inayokatwa inagawanywa: kampuni ya mashine, mtandao wa kadi, na sehemu kubwa benki iliyokupa kadi. Benki inakurushia kipande unaita zawadi.

Unadhani mimi nafanyaje? Napandisha bei. Ndoo ya mafuta ya kupikia imebeba hiyo ada tayari. Bibi anayekuja na noti zake analipa bei ileile na harudishiwi kitu. Ukweli ndio huo.

#25 Kaka wa Hamburg
Naunga mkono #24 kwa mfano wa huku. Umoja wa Ulaya mwaka 2015 uliweka kikomo kwenye kile ambacho benki ya mwenye kadi inachukua kwa muuzaji: 0.2% kwa kadi za debiti (zinazokata akaunti yako moja kwa moja) na 0.3% kwa kadi za mkopo. Matokeo yake kadi ya 5% kwa mwaka mzima huku huioni. Nikiwasoma mnavyobandika plasta nabaki nameza mate.

#26 Mzee wa Kalenda
Marekani wenyewe wanajua hilo kupitia debiti. Sheria ya 2010, kipengele cha seneta Durbin, iliminya ada ya debiti kwa benki kubwa hadi senti 21 na 0.05% ya muamala. Zawadi za kadi za debiti zilizokuwepo zikakauka. Kadi za mkopo hazikuguswa.

Lakini hoja ya Muuza Duka haifiki mwisho. Benki inapata kama 2% kwa muamala wa kadi ya mkopo, na inatoa 5%. Hiyo 3% ya ziada? Kwa maoni yangu inalipwa na wanaosahau. Anayesahau kuwasha, anayetumia kadi isiyo sahihi, anayeacha keshibeki ikae hadi afunge akaunti. Fungu likibadilika kila robo, wanaosahau hawaishi.

#27 Buda wa Ruaka
Mimi naona tofauti. Wanalipia nafasi ya kadi kwa mfuko. Ukizoea kutoa Freedom Flex kwa mafuta, utaitoa pia kwa fundi, kwa daktari wa meno, kwa kila kitu kinachotoa 1%. Hapo wanarudisha yao yote. Matangazo ya TV yana gharama, hii ni tangazo linalokaa kwa mfuko wako wa nyuma.

#28 Mama Wawili
Na je, yale mafungu yenye jina la kampuni? Robo ya nne 2024 Chase waliweka McDonald's, PayPal na mambo ya wanyama wa kufugwa. Nani aliamka akasema Waswahili wa Marekani wanahitaji 5% ya paka? Mimi nahisi kampuni zenyewe zinachangia. Kwa hiyo si riba, si wanaosahau, ni matangazo yaliyolipiwa.

#29 dereva_usiku
Usidharau PayPal. Robo ile nililipia PayPal kila mahali palipokuwa na kitufe chake, hadi matairi. Fungu la PayPal halina msimbo wa duka, ndiyo raha yake.

#30 Mama Wawili
Na McDonald's ulijaza 1,500?

#31 dereva_usiku
Usiku wa manane ndiyo pekee iliyo wazi dada. Sisemi zaidi.

#32 Bi Kidawa
Turudi kwenye mbinu, siasa tumewasikia. Robo ya supamaketi mimi huwa sinunui vyakula tu. Nenda kwenye ile rafu inayozunguka ya kadi za zawadi, karibu na kaunta. Kuna za vituo vya mafuta, migahawa, maduka ya nguo, hata mashirika ya ndege. Benki inaona umelipa supamaketi. Kwa hiyo mafuta ya Agosti unayanunua Machi kwa 5%. Robo ikikaribia kuisha na sijaujaza ukomo, wiki ya mwisho nachukua mbili tatu za vitu ambavyo tungenunua tu.

Ila zile za Visa za kutumika popote siziendei. Zina ada ya kuziwasha, na benki nyingi kwenye masharti zinakataa vitu vinavyofanana na pesa taslimu.

#33 Mtu wa Dallas
Hii sasa nimeielewa. Ila umefunga pesa kwenye plastiki. Ukiipoteza je?

#34 Bi Kidawa
Napiga picha namba ya nyuma na risiti. Na haikai kwenye pochi ya mume.

#35 Mzee wa Kalenda
Mmenikumbusha wakubwa wa mchezo huu. Zamani kidogo kiwanda cha sarafu cha serikali ya Marekani kilikuwa kinauza sarafu za dola moja, za rangi ya dhahabu, kwa bei yake halisi na kusafirisha bure, ili watu wazizoee. Watu wakaagiza maelfu kwa kadi ya mkopo, wakapokea maboksi mlangoni, wakayapeleka benki moja kwa moja, wakalipa bili ya kadi, wakabaki na pointi.

#36 Tumbo Joto (Dar)
Sarafu za dhahabu??? Kwa nini sikuzaliwa huko.

#37 Buda wa Ruaka
Si dhahabu mzee, ni rangi tu. Na walifunga mlango: mwaka 2011 wakaacha kupokea kadi za mkopo kwa mpango huo.

#38 Mzee wa Kalenda
Sahihi. Na kuna kesi ya Anikeev, mahakama ya kodi ya Marekani, 2021. Mume na mke walikuwa na kadi ya American Express iliyotoa 5% supamaketi na maduka ya dawa. Wakanunua kadi za zawadi za Visa kwa kiwango cha kutisha, wakazigeuza kuwa hati za fedha (money order), wakaziweka benki. Keshibeki ya miaka miwili, 2013 na 2014, ilipita dola 300,000. IRS, mamlaka ya kodi ya huku, wakataka kodi. Mahakama kwa sehemu kubwa ikawapa haki wale wenzetu: keshibeki ya kununua kadi ya zawadi ni punguzo la bei, si kipato. Walipobanwa ni pale waliponunua hati za fedha moja kwa moja au kujazia salio kwenye kadi.

#39 Sauti ya Ukweli
Kwa hiyo mnafundishana utakatishaji fedha.

#40 Bi Kidawa
Ndugu yangu, mimi nimenunua kadi ya pizza ya dola 50.

#41 mgeni_chuoni
Shikamooni wakubwa. Nimekuja kusoma, nina miaka 20, sina historia yoyote ya mkopo. Naweza kupata hii ya 5%?

#42 Papa Lualaba
Bandugu, jambo. Kijana, miye nilianza Des Moines na kadi ya dhamana. Unaweka makuta yako, tuseme dola 200, nayo inakuwa kikomo chako. Discover wako na moja inatoa 2% ya mafuta na migahawa. Unatumia kidogo, unalipa yote, kisha wanakurudishia dhamana. Pole pole. Usikimbilie kuomba kadi tano.

#43 Mzee wa Kalenda
Marahaba kijana. Nyongeza mbili. Chini ya miaka 21 sheria ya 2009 inataka uonyeshe kipato chako mwenyewe au uwe na mdhamini, kwa hiyo kazi ya maktaba ya chuo iandike. Na Chase wana desturi, haijaandikwa popote lakini inajulikana, ya kumkataa mtu aliyefungua kadi tano au zaidi ndani ya miezi 24. Kama unataka Freedom Flex siku moja, usijaze nafasi zako na kadi za maduka ya nguo.

Kingine: ukipewa kikomo cha mkopo cha dola 500, ukomo wa 1,500 wa robo bado unaweza kuufikia. Lipa katikati ya mwezi, nafasi inafunguka, tumia tena.

#44 Mtu wa Dallas
Na kabla hajapagawa na asilimia, historia ya kulipa kwa wakati ni 35% ya skoa ya FICO (alama ambayo wakopeshaji wanakupimia) na ukubwa wa madeni ni 30%. Keshibeki haimo humo.

#45 Buda wa Ruaka
Kwa mara ya kwanza kwa huu uzi nakubaliana na mtoa mada.

#46 Kaka wa Hamburg
Mkija likizo Dar au Nairobi mnatumia ipi?

#47 Nyota ya Kisauni
Freedom Flex inakata 3% kwa manunuzi ya nje ya Marekani, kwa hivyo hata ikiwa ni robo ya supamaketi unabakiwa na 2%. Discover haina hiyo ada, lakini Mombasa ukiitoa watu wanaigeuzageuza kama leso mpya. Mimi huenda na Visa isiyo na ada ya nje, na M-Pesa.

#48 dereva_usiku
Discover yenyewe sasa ni mali ya Capital One, ununuzi ulikamilika Mei 2025. Sijui wataiacha kama ilivyo.

#49 Mzee wa Kalenda
Kadi hii ilianzishwa na Sears, kampuni ya maduka, ikatangazwa kwenye Super Bowl (fainali ya futiboli ya Kimarekani) ya Januari 1986, bila ada ya mwaka na yenye keshibeki wakati wengine hawana. Imepita mikono kadhaa na bado ipo. Mimi ninachoogopa zaidi ni ule muswada wa ushindani wa kadi za mkopo, wa Durbin huyohuyo na seneta mwenzake Marshall, unaolenga kushusha ada anayokatwa muuzaji, uliopelekwa Seneti 2022 na kuwasilishwa upya 2023. Ukipita, Muuza Duka atafurahi.

#50 Muuza Duka (Columbus)
Nitafurahi sana. Bei ya ndoo nitashusha au sitashusha, hayo tutaongea siku hiyo.

#51 Sauti ya Ukweli
Hatashusha.

#52 Nyota ya Kisauni
Wakati wabunge wanafikiri, mimi nimepata njia ya mbuzi. Kabla ya manunuzi makubwa unanunua kitu kidogo, soda ya dola moja, kwa ile kadi. Unangoja siku mbili tatu muamala ukae sawa, unaufungua kwenye programu, unaangalia wamekiandika fungu gani. Kikija supamaketi, unarudi na toroli. Nimeshajaribu maduka matatu mtaani kwangu, moja tu limekubali.

#53 Muuza Duka (Columbus)
Kwa hiyo ni ninyi! Ndugu zangu, kwenye soda ya dola moja mashine inanikata senti 10 za muamala kabla hata ya asilimia. Soda yenyewe napata faida ya senti 20. Mkija kupima msimbo, nunueni angalau unga wa kilo mbili.